Tiketi ya meli ya kitalii nchi nyingine: Nafuu ipo, lakini ihesabiwe kwa shilingi

Na Mwandishi Wetu, Mbeya

WAFANYABIASHARA wa Mbeya na Iringa wanaofikiria kupumzika kwa safari ya meli ya kitalii mwishoni mwa mwaka watakutana na jambo ambalo wakazi wa Tunduma wamelizoea siku nyingi. Chumba kile kile, katika meli ile ile, kwa tarehe ile ile, kina bei tofauti kutegemea mnunuzi amekatia tiketi katika tovuti ya nchi gani.

Tofauti hiyo si uzushi, na wapo wanaonufaika nayo. Hata hivyo, mnunuzi wa Nyanda za Juu Kusini anayeifuata bila kupiga hesabu kamili anaweza kulipa zaidi ya yule aliyenunua kwa bei ya juu. Hasara yenyewe mara nyingi haitokani na tiketi. Hutokana na kodi ambazo hazikutajwa, na fedha iliyopanda au kushuka, na zaidi ya yote hutokana na tarehe ya kulipa inayoangukia wakati ambao mfanyabiashara wa mchele au mahindi hapaswi kugusa mtaji wake.

BEI MBILI SI JAMBO GENI

Katika mikoa hii bei mbili kwa huduma moja ni mambo ya kila siku. Katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio cha chini kwa shilingi, wakati mgeni kutoka mbali hutozwa zaidi, kwa kiwango kilichopangwa kwa dola. Hali ni hiyo hiyo kwenye boti za kwenda Zanzibar, ambako mkazi na mgeni hawalipi nauli moja.

Bei za namna hiyo hufuata mtu mwenyewe. Karani huangalia kitambulisho au pasipoti, basi. Bei ya meli ya kitalii hufuata soko. Kampuni moja huwa na tovuti ya Marekani, ya Uingereza, ya Australia, ya Afrika Kusini na kadhalika, na kila moja hupangiwa bei yake kulingana na ushindani uliopo huko, uwezo wa wateja, msimu wa likizo na fedha ya nchi hiyo. Vyumba vikidorora upande mmoja bei hushushwa upande huo tu.

Hali hii imewahi kuzua malalamiko hata kwa wenzetu wa Ulaya. Mwaka 2015 Kamisheni ya Ulaya ilianza kuichunguza Disneyland Paris baada ya wateja wa Uingereza na Ujerumani kulalamika kwamba wanazuiwa kununua kwa bei waliyokuwa wakipewa Wafaransa. Kwa upande wa meli, kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2010 kuhusu haki za abiria wa majini inakataza nauli na masharti yenye ubaguzi wa uraia. Lakini kanuni hiyo ni ya kwao. Mnunuzi anayekaa Mafinga au Mwanjelwa hawezi kuitegemea anapotaka bei ya Sydney au Miami.

MELI HIZI NI ZIPI

Kwa wasomaji ambao hawajazifahamu, meli ya kitalii ni hoteli inayotembea. Abiria hulala humo, hula humo, na kila baada ya siku moja au mbili hushushwa katika bandari fulani kutembea na kurudi. Haifanani na MV Mbeya II, iliyoanza kazi katika Ziwa Nyasa kutoka upande wa Kyela mwaka 2021, ambayo kazi yake ni kufikisha watu na mizigo. Lakini undugu upo. MV Liemba ya Ziwa Tanganyika, ambayo wafanyabiashara wa kusini waliifahamu kwa safari zake za Kasanga na Mpulungu, iliundwa mwaka 1913 na kiwanda cha Meyer katika mji wa Papenburg, Ujerumani. Kiwanda hicho kimekuja kuwa miongoni mwa waundaji wakubwa wa meli za kitalii duniani.

Hata reli ya TAZARA imeshuhudia biashara ya aina hii. Tangu mwaka 1993 treni ya kifahari ya kampuni ya Rovos Rail ya Afrika Kusini imekuwa ikifanya safari za Cape Town hadi Dar es Salaam, ikipita Mbeya na watalii waliolala ndani yake kwa siku kadhaa. Abiria hao hukata tiketi nje ya nchi kwa fedha za kigeni, wakati abiria wa kawaida aliyepita juu ya reli hiyo hiyo alilipa nauli yake kwa shilingi stesheni.

Kwa mkazi wa kusini mwa Tanzania, safari ya meli iliyo rahisi kuifikia ni ya Afrika Kusini. Kwa misimu mingi kampuni ya MSC imekuwa ikipeleka meli Durban na Cape Town kati ya Novemba na Aprili, nyingi zikielekea pwani ya Msumbiji na kurudi. Kundi la MSC ni lile lile ambalo makontena yake hupokelewa na waagizaji wetu bandarini Dar es Salaam. Mwenye pasipoti ya Tanzania huingia Afrika Kusini bila viza kwa matembezi ya hadi siku 90 kwa mwaka, na Msumbiji pia haimdai viza kwa matembezi mafupi. Hiyo ni nafuu ya kwanza, na haionekani katika tovuti yoyote.

BEI INAJUMUISHA NINI

Kosa kubwa linalofanywa na wanunuzi ni kulinganisha tarakimu mbili zisizozungumzia kitu kimoja. Kwa muda mrefu tovuti za Marekani zilitangaza nauli tupu, bila kodi na ushuru wa bandari, ambavyo vilijitokeza mwishoni kabisa wakati wa kulipa. Mambo yalibadilika Julai 1, 2024, sheria ya jimbo la California ilipotaka bei inayotangazwa iwe na tozo zote za lazima. Makampuni makubwa yaliamua kufuata utaratibu huo kwa soko zima la Marekani. Hata hivyo, mawakala wengine wa nje bado hutangaza nauli tupu, kwa hiyo mnunuzi asidhani kila bei imekamilika.

Jambo la pili ni bahshishi. Katika makampuni mengi yenye asili ya Marekani, kila abiria hukatwa bahshishi ya wahudumu kwa siku, mara nyingi kati ya dola 16 na 20, hata kama ni mtoto. Katika baadhi ya masoko, Australia ikiwamo, zipo bei ambazo bahshishi imeshaingizwa humo. Ndiyo maana bei ya Australia huweza kuonekana ghali kuliko ya Marekani ilhali mwisho wa safari ni sawa au ni nafuu.

Tuchukue mfano wa hesabu, si bei ya kampuni yoyote. Mume na mke wanataka safari ya siku saba. Tovuti ya kwanza inataka dola 1,500 kwa wote wawili, kila kitu ndani. Tovuti ya pili, ya nchi nyingine, inataka dola 1,150. Tofauti ni dola 350, yaani Shs. 875,000 kwa kiwango cha Shs. 2,500 kwa dola. Si fedha ndogo.

Sasa tuongeze yaliyoachwa. Bahshishi ya dola 18 kwa watu wawili kwa siku saba ni dola 252. Ushuru wa bandari, tuseme dola 60 kwa kila mmoja, ni dola 120. Jumla inakuwa dola 1,522. Ile "nafuu" ya Shs. 875,000 imegeuka hasara ya Shs. 55,000, na bado hatujagusa makato ya benki.

FEDHA INAPOTEMBEA

Wafanyabiashara wa Kyela wanaovuka Kasumulu wanakumbuka Novemba 2023, Benki Kuu ya Malawi iliposhusha thamani ya kwacha kwa asilimia 44, kutoka kiasi cha kwacha 1,180 hadi 1,700 kwa dola. Bidhaa ambayo bado ilikuwa na bei ya zamani ya kwacha ilikuwa nafuu kwa mwenye shilingi, hadi mwenye duka alipobadili bei yake. Katika tiketi za meli mambo ni hayo hayo. Bei hupangwa miezi mingi kabla ya safari. Fedha ya nchi fulani ikianguka ghafla, tovuti ya nchi hiyo hubaki nyuma kwa muda, na mgeni mwenye dola hupata mwanya. Mwanya huo huzibwa bei mpya zikitoka.

Turudi kwenye mfano wetu. Tovuti ya Afrika Kusini inataka randi 24,000 kwa watu wawili, kila kitu ndani. Kwa kiwango cha randi 18 kwa dola, hizo ni dola 1,333. Benki ikikata asilimia tatu kwa kubadilisha fedha, inaongezeka dola 40. Jumla ni dola 1,373, na ukilinganisha na zile 1,500 umeokoa dola 127, yaani Shs. 317,500. Hii ni nafuu ya kweli. Lakini randi ikipanda hadi 17 kwa dola kabla hujalipa, gharama inafika dola 1,454 pamoja na makato, na nafuu yako inabaki dola 46.

Shilingi yenyewe nayo haisimami. Oktoba 2024 dola moja ilivuka Shs. 2,700. Kufika Desemba mwaka huo huo ilikuwa imeshuka hadi karibu na Shs. 2,400, kisha katikati ya mwaka 2025 ikapanda tena na kuvuka Shs. 2,600. Tiketi ya dola 1,500 iliyolipwa Oktoba ilihitaji zaidi ya Shs. milioni 4.05, ingelipwa mwishoni mwa Desemba ingehitaji kiasi cha Shs. milioni 3.6. Tofauti ya Shs. 450,000 ilitokana na tarehe peke yake, na inazidi nafuu yoyote tuliyoiona katika mfano wa hapo juu.

Mnunuzi aulize benki yake mambo matatu kabla ya kuingiza namba za kadi: makato ya kununua kwa fedha ya kigeni ni asilimia ngapi, kiwango cha kubadilisha ni cha siku ya kununua au ya siku fedha inapotoka katika akaunti, na kikomo cha kadi kwa siku ni kiasi gani. Tovuti ikijitolea kukubadilishia yenyewe fedha yake kuwa dola au shilingi, kwa kawaida kiwango chake huwa kibaya kuliko cha benki. Ni afadhali kulipa kwa fedha ya tovuti husika.

TAREHE YA KULIPA NA MSIMU WA MAZAO

Hapa ndipo mfanyabiashara wa kusini anapotofautiana na mtumishi wa mshahara. Kwa kawaida meli hizi hudai kianzio wakati wa kuweka nafasi, na fedha iliyobaki kati ya siku 60 na 120 kabla ya kuondoka. Safari ya Desemba, kwa hiyo, hukamilishiwa malipo Agosti, Septemba au Oktoba.

Katika Mbarali, Kyela, Mufindi na Iringa Vijijini, miezi hiyo ndiyo ambayo mtaji umelala ghalani. Mpunga na mahindi hununuliwa kuanzia mavuno ya katikati ya mwaka, na mwenye subira huuza kati ya Januari na Machi, wakati ghala za wengi zimekwisha. Anayelazimika kutoa fedha Septemba anauza kabla ya bei kupanda.

Tuseme, kwa mfano tena, gunia la kilo 100 la mchele linauzwa Shs. 200,000 Septemba na Shs. 240,000 Februari. Ili kupata Shs. milioni 3.75 za kulipia tiketi ya dola 1,500, mfanyabiashara atauza magunia 19 Septemba. Kwa kila gunia amepoteza Shs. 40,000, na kwa yote Shs. 760,000. Ile nafuu ya Shs. 317,500 ya randi haifiki hata nusu ya hasara hiyo. Mfanyabiashara huyo angepata faida zaidi kwa kwenda na meli ya Aprili, hata kwa tiketi ya bei ya juu kidogo, kwa sababu malipo yake yangeangukia Januari au Februari, wakati mchele wake unatoka kwa bei nzuri.

Kwa wafanyabiashara wa mbao wa Mafinga na wale wa bidhaa za dukani, kalenda ni nyingine, lakini kanuni haibadiliki. Tarehe ya malipo ya mwisho iandikwe pembeni ya bei, na ilinganishwe na mwezi ambao fedha yako inarudi.

NANI ANAKURUDISHIA

Jambo jingine ambalo bei haisemi ni masharti. Tovuti nyingi za Marekani huruhusu mteja kurudishiwa kianzio ikiwa atajitoa kabla ya tarehe ya malipo ya mwisho, isipokuwa katika bei maalumu. Kwa Uingereza, mara nyingi kianzio hakirudi. Kwa upande mwingine, mteja wa Uingereza aliyenunua safari ya mkupuo analindwa na sheria endapo muuzaji atafilisika.

Kufilisika hutokea. Kampuni ya Cruise & Maritime Voyages ya Uingereza iliingia katika ufilisi Julai 2020, na Crystal Cruises ilisimama mwanzoni mwa 2022 baada ya kampuni mama yake, Genting Hong Kong, kushindwa kulipa madeni. Hapa kwetu, wasafiri wa Songwe hawajasahau Desemba 2018, Fastjet iliposimamisha safari wakati wa msimu wa sikukuu. Angalau katika suala hilo Mamlaka ya Usafiri wa Anga ilikuwapo kuitaka kampuni irejeshe nauli, na mlaji alijua mlango wa kubisha. Aliyenunua katika tovuti ya nchi ya mbali, kwa masharti ya nchi hiyo, atadai huko huko. Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003 kulinda mlaji wa Tanzania, haina mkono mrefu wa kufika kila bandari.

Aidha, yapo makampuni ambayo hayauzi bei ya nchi fulani kwa asiyeishi huko. Tovuti hudai anwani, na wakati mwingine kadi ya benki ya nchi hiyo. Wapo wanaoshawishika kuandika anwani ya ndugu aliyeko Johannesburg au London. Tunashauri wasifanye hivyo. Pasipoti itaonyeshwa bandarini, na kampuni ikibaini kwamba masharti yamekiukwa inaweza kudai tofauti ya nauli au kufuta tiketi, na hapo mteja hana la kujitetea. Ndugu huyo ana msaada mwingine: anaweza kuulizia kwa niaba yako kama bei hiyo inauzwa kwa Mtanzania, na kukuletea jibu la maandishi.

Wanaokusudia meli za Ulaya wana mzigo wa ziada wa viza. Ada ya viza ya Schengen kwa mtu mzima ilipandishwa Juni 2024 kutoka euro 80 hadi 90, na hairudishwi ukinyimwa. Maombi hupokelewa hadi miezi sita kabla ya safari, kwa hiyo viza iombwe mapema ili jibu litangulie malipo ya mwisho. Meli ikitoka nje ya eneo hilo, kama vile kwenda Uturuki na kurudi, viza ya kuingia mara moja haitoshi.

WAKALA WA NDANI

Si kila mara wakala wa hapa nchini ni ghali. Kanuni zilizotangazwa Machi 2025 zilipiga marufuku kutangaza na kutoza bei za bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Mnunuzi ana haki ya kumtaka wakala wa Dar es Salaam au Mbeya bei ya shilingi, na akishalipa yote, kupanda kwa dola si shida yake tena. Katika mwaka ambao dola inatembea kwa Shs. 300 ndani ya miezi miwili, kinga hiyo ina thamani. Wakala huyo pia ana ofisi yenye mlango na leseni ukutani.

Kwa wanaotaka kujaribu msimu huu, ushauri wetu ni huu. Chukua karatasi moja na uandike bei ya wakala wa ndani, ya tovuti ya kimataifa na ya tovuti ya nchi nyingine. Kwa kila moja ongeza ushuru wa bandari, bahshishi, makato ya benki na nauli ya kufika bandarini, kwa sababu kutoka Iringa au Mbeya hadi Durban ni gharama peke yake. Geuza yote kuwa shilingi kwa kiwango cha leo, kisha rudia kwa kiwango kilichopanda Shs. 200 kwa dola. Mwisho, andika tarehe ya malipo ya mwisho na sharti la kurejeshewa fedha.

Tofauti ikibaki zaidi ya Shs. 200,000 baada ya hesabu hiyo, muuzaji akikubali kwa maandishi kumuuzia mkazi wa Tanzania, na malipo yasipokulazimisha kufungua ghala kabla ya Januari, basi tovuti ya nchi nyingine inafaa kununuliwa. Vinginevyo, wenye magunia wasubiri bei za Februari na kuulizia meli za Aprili.